Maranda Mapya Kila Asubuhi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Meneja alichukua ndoo tupu akapita mlango wa nyuma hadi kwenye karakana ya baba yake. Baba alikuwa seremala. Karakana ilikuwa chumba cha mwisho cha nyumba ileile waliyopanga, na sakafu yake haikukosa maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayojikunja yanapotoka kwenye randa. Meneja aliyazoa kwa mikono, akachagua yaliyo laini na kuacha yenye vijiti, kisha akarudi uani kumtandikia sungura wake.

Jina la Meneja alipewa na baba yake alipokuwa binti mdogo, kwa sababu hakuna kazi iliyofanyika pale nyumbani bila yeye kuitolea amri. Nani akae wapi, ndoo ipi ni ya maji ya kunywa, nani amechelewa kurudi dukani, yote aliyajua yeye. Sungura wake alikuwa jike la kijivu lenye hasira za karibu, naye alimwita Bosi. Majirani walicheka wakasema kuwa ofisi nzima iko uani.

Kicheko kilipungua Njiti alipokuja.

Njiti alikuwa binti wa mama mdogo, yule mdogo wake mama. Alizaliwa kabla ya siku zake, akaitwa Njiti, na jina likamganda hata alipokua. Mama mdogo alipata kazi mbali, kazi ya kulala hukohuko, akafunga chumba chake na kumleta mtoto kwa dada yake. "Ni kwa muda tu," alisema mlangoni, na akaondoka haraka kabla machozi hayajamwaibisha. Njiti alibaki amesimama na begi moja la nguo na boksi la sabuni lililotobolewa matundu. Ndani ya boksi alikuwamo Pamba, sungura dume mweupe, mnene, mpole kupita kiasi. Alikuwa amehasiwa tangu mdogo, maana mama mdogo alisema anafuga sungura, hafugi ukoo.

Meneja alipokea habari hizi kwa uso mzuri. Siku za mwanzo alimwonyesha Njiti bomba, choo na ndoano ya kutundikia sare. Lakini kitanda kiligawanywa nusu. Mama akawa anamwekea Njiti chai kwanza kwa sababu ni mgeni, na siku za ugeni zilipokwisha akaendelea kumwekea kwanza. Jioni, Meneja alipokuwa akieleza mambo ya shule, mama alikuwa akimtazama Njiti kuona kama amekula. Wivu ni kitu kibaya, lakini tusijifanye hatuujui.

Mama mwenye nyumba naye aliona boksi la Pamba kando ya banda la Bosi. Alisimama katikati ya ua, mikono kiunoni.

"Fundi, ua huu ni wa kuanikia nguo. Banda moja nimelivumilia. La pili silitaki."

"Tutawaweka pamoja, mama," alisema baba.

"Pamoja? Hujasikia kwamba fahali wawili hawakai zizi moja?"

"Hawa si fahali, mama. Ni sungura."

"Haya, tuone. Wakishindwana, huyo mweupe atafutiwe pa kwenda. Yeye ndiye aliyekuja nyuma."

"Hana pa kwenda," alisema Njiti. Alisema kwa sauti ndogo sana, na watu wazima wote wakanyamaza, kwa kuwa hawakujua kama anamsema sungura au anajisema mwenyewe.

Baba hakupenda kufanya jambo kwa kubahatisha. Aliwapeleka wasichana wote wawili, pamoja na Pamba, kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mrefu mwenye mikono iliyojaa alama za makucha ya paka. Daktari aliwasikiliza, kisha akamshika Pamba masikio kwa upole.

"Sungura hujuana kwa pua," alisema. "Ukiwatupa pamoja leo, kesho utaokota manyoya. Yule jike ana mahali pake, na akinusa harufu asiyoijua atapigana. Kwa hiyo, fundi, tengeneza banda kubwa moja, weka waya katikati. Huyu huku, yule kule. Kila siku mchukue maranda aliyolalia huyu mumpe yule, na ya yule mumpe huyu."

"Machafu?" Meneja alikunja pua.

"Machafu hasa. Yaliyolaliwa, yaliyokojolewa. Usione kinyaa, maana humo ndimo mnamofundishia. Na chakula mkiweke karibu na waya, kila mmoja upande wake, wazoee kula wakionana. Harufu ya mwenzake ikishakuwa kitu cha kawaida, ndipo muwakutanishe. Nako si bandani. Tafuteni mahali ambapo si pa yeyote kati yao."

Walipofika nyumbani baba alitengeneza banda lenye waya katikati, na kazi ikagawanywa. Njiti angelisha. Meneja, aliyekuwa mwenyeji wa karakana, angeshughulikia maranda.

Asubuhi ya kwanza Meneja alizoa maranda ya upande wa Pamba. Yalikuwa na unyevu na harufu kali. Alimtazama Bosi, aliyekuwa amekaa kwenye kona yake safi akitafuna. Njiti alikuwa amechukua nusu ya kitanda. Alikuwa amechukua ndoano, kikombe cha bluu na macho ya mama. Sasa na Bosi anuke Pamba? Meneja aliyatupa maranda yote kwenye pipa la taka, akaenda karakana, akajaza ndoo, akatandika mapya pande zote mbili.

"Umebadilisha?" mama aliuliza jioni.

"Nimebadilisha."

Na kweli alikuwa amebadilisha. Huo ndio uongo mbaya kuliko wote, ule unaovaa nguo za ukweli ukapita mbele ya watu wakaupungia mkono. Mama aliinama akachungulia, akaona banda linang'aa. "Hongera, mwanangu. Usafi wako nauonea fahari," alisema, na akamwita hata mama mwenye nyumba aje aone. Kwa muda mrefu Meneja hakuwa amesifiwa hivyo. Kesho yake alirudia, na keshokutwa yake, hadi ikawa desturi.

Njiti alilisha kwa uaminifu. Alichuchumaa mbele ya banda, akaweka karoti huku na nyasi kule, karibu na waya, akanong'ona na Pamba kwa maneno ambayo hakumpa mtu mwingine. Lakini kila Pamba aliposogea kwenye waya, Bosi aliacha kula, akapiga sakafu kwa miguu ya nyuma, akanguruma kooni.

"Dada, mbona bado anapiga miguu?" Njiti aliuliza.

"Wewe lisha. Mambo ya banda niachie mimi."

"Daktari alisema wakizoeana atatulia."

"Kwani daktari anaishi hapa?"

Njiti akanyamaza. Alikuwa mtoto wa kunyamaza, na watu wengi hudhani anayenyamaza ameridhika.

Siku moja ya mapumziko baba alifagia karakana, akainua misumeno na patasi juu ya rafu, akavaa glavu nene za kazi. "Wametulia?" aliuliza.

Njiti alifungua mdomo, lakini Meneja alimwahi. "Wametulia, baba."

Pamba aliwekwa chini kwanza. Alinusa sakafu, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaonekana kufurahia nafasi. Bosi alipowekwa hakunusa kitu. Alikwenda moja kwa moja, na kilichofuata hakikuwa na mwanzo wala katikati, kilikuwa mpira wa manyoya meupe na ya kijivu unaobingirika na kupiga mayowe. Ndiyo, sungura hupiga mayowe, na asiyewahi kuyasikia asiombe kuyasikia. Baba aliwahi na ubao akaupenyeza kati yao. Alipomwinua Pamba, upande wa kushoto wa uso ulikuwa mwekundu.

Njiti hakulia. Alivua sweta lake, akamfunga Pamba, akakaa naye chini mlangoni.

"Njiti mwanangu," mama alisema, na sauti yake haikuwa kali, jambo lililofanya iume zaidi, "chakula ulikuwa unakiweka karibu na waya?"

"Nilikuwa nakiweka, mama mkubwa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Ungekuwa unakiweka wasingeumana hivi. Si vibaya kusema kama ulisahau."

"Sikusahau."

Mama alipumua kwa masikitiko, kwa namna ya mtu anayesamehe. Meneja alisimama palepale. Ulimi ulikuwa wake na mdomo ulikuwa wake. Angeweza kusema. Aliangalia ndoo ya maranda, na hakusema.

Kutoka dirishani mama mwenye nyumba alikuwa ameona yote. "Nilisema mimi! Kesho huyo mweupe aondoke, kabla hamjaniletea maiti uani."

Walimpeleka Pamba kwa daktari jioni ileile, ndani ya boksi lake la sabuni. Njiti ndiye aliyetandika maranda kutoka upande wa Pamba, ili ajisikie yuko kwake. Daktari alisafisha kidonda kwa muda mrefu. Kisha aliweka kitambaa chini akamgeukia Njiti.

"Ataishi. Lakini jicho hili, mwanangu, halitaona tena."

Njiti aliitikia kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa imelishika boksi kwa nguvu.

"Sielewi," daktari aliendelea. "Kazi ilifanyika muda wa kutosha. Wangepigana kidogo, sawa, lakini yule jike asingemrukia mwenzake kama vile hajawahi kumnusa." Alitia mkono ndani ya boksi, akachota maranda, akayapeleka puani. "Haya yametoka upande wa nani?"

"Wa huyuhuyu Pamba," mama alijibu. "Anayebadilisha ni binti yangu huyu, kila asubuhi bila kukosa. Ni msafi huyu, hata mimi simfikii."

"Yananuka mbao," alisema daktari. "Yanatakiwa yanuke yule jike."

Baba alinyoosha mkono akayapokea. Aliyatandaza kwenye kiganja, akayageuzageuza chini ya taa. Yalikuwa mekundu yote.

"Hii ni mbao ya ule mlango," alisema polepole. "Nimeanza kuiranda jana. Siku zote kabla ya jana nilikuwa naranda mbao nyeupe." Alimtazama Meneja. "Haya hayajalaliwa na Bosi. Yametoka kwangu moja kwa moja."

"Ulikuwa unachukua ya huyu unampa yule?"

"Nilikuwa nabadilisha, baba."

"Sijakuuliza hilo."

Meneja alitazama vigae vya sakafu. "Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Njiti aliinua kichwa akamtazama. Meneja angefurahi kama angetukanwa.

"Nilidhani wakishindwana ataondoka tu," Meneja alilia. "Sikujua wataumizana. Nilidhani ataondoka tu, basi!"

"Aondoke nani?" mama aliuliza.

Mama alitafuta kiti, akakaa. Alikumbuka jinsi alivyomsamehe Njiti kwa kosa ambalo hakulifanya, akamgeukia. "Mwanangu, nilikuonea. Nisamehe."

"Haidhuru, mama mkubwa," alisema Njiti, lakini ilimdhuru, na kila mtu mle ndani aliliona hilo.

"Daktari," baba aliuliza, "inawezekana kuanza upya?"

"Inawezekana. Ila haitakuwa kama mwanzo. Mwanzo hawakujuana. Sasa wanajuana kwa ubaya, na huo ni mzigo mzito zaidi."

Baba hakuinua mkono wala sauti. Njiani kurudi alimwambia Meneja jambo moja tu: "Umeyafanya mwenyewe, utayasema mwenyewe."

Meneja alianza na mama mwenye nyumba. Alimwamkia, akasimama mlangoni pake, akaeleza yote huku akivuta kamasi. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho. "Kumbe nilimfukuza asiye na hatia," alisema. "Na wewe ulinisikia nikimfukuza ukanyamaza." "Haya. Nawapa nafasi nyingine, kwa ajili ya yule mtoto, si kwa ajili yako. Wakiumana tena, wote wawili nje."

Simu kwa mama mdogo ilikuwa ngumu zaidi. Upande wa pili palisikika vyombo vikioshwa, kisha vyombo vikanyamaza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Meneja wangu! Hamjambo huko? Mwanangu anakula?"

Ule uchangamfu ulimkata maini. Alisema hata hivyo.

"Nimekusikia," alisema mama mdogo. "Mpe simu mwanangu."

Njiti aliichukua akaenda nayo mbali, akaongea akiwa ameupa ua mzima kisogo.

Basi kazi ikaanza upya. Kila asubuhi Meneja alitia mikono kwenye maranda machafu, ya huku akayapeleka kule, ya kule akayaleta huku, na harufu ikamwingia kwenye kucha. Shuleni wenzake waliziba pua. "Meneja, leo umelala bandani?" mmoja aliuliza, na darasa likaangua kicheko. "Hamisha ofisi, bwana, choo kimevuja!" Zamani angejibu kwa ukali. Sasa alifungua daftari lake, akainama.

Pamba alijikunyata kona ya mbali asisogee kabisa. Njiti alianza kuweka chakula mbali na waya, akawa anakisogeza kidogokidogo, siku hata siku. Wasichana wawili walifanya kazi bega kwa bega bila mazungumzo. "Sogea." "Shika hapa." "Maji yamekwisha." Hayo ndiyo maneno yaliyopita kati yao, na usiku kila mmoja alilala akitazama ukuta wake.

Pamba alipoweza kula kwenye waya bila kutetemeka, na Bosi akaacha kupiga miguu, daktari alisema wajaribu tena. Karakana haikufaa, maana sungura wale wasingeisahau. Walitumia bafu, lililosuguliwa vizuri likakauka. Baba alikaa ndani na ubao wake na glavu zake. Mara ya kwanza Bosi alikuja upande wa jicho bovu, Pamba hakumwona hadi alipoguswa, akaruka akajigonga ukutani. Njiti alimtoa upesi. Mara nyingine Bosi alimfukuza, akang'oa shungi la manyoya. Walirudi nyuma, wakabadilishana maranda tena, wakajaribu tena. Ilikuwa kazi ya kuchosha isiyo na sifa hata chembe, na hakuna aliyemwita mama mwenye nyumba aje aone.

Siku moja Bosi alizunguka akatokea upande wa jicho zima. Pamba alimwona. Hakukimbia. Alishusha kichwa hadi kidevu kikagusa sakafu, akangoja. Bosi alimnusa pua, akamnusa masikio, akamnusa mahali penye kovu. Kisha akaanza kumlamba kipaji cha uso, taratibu, kama anayefua nguo ya thamani. Baba aliweka ubao chini. Daktari alikuwa amewaambia kwamba wakifika hapo wamefika. Jioni ile waya uliondolewa bandani, na sungura wawili wakalala ubavu kwa ubavu juu ya maranda ya wote.

Meneja alishindwa kujizuia. "Umeona, Njiti? Amemsamehe!"

Njiti alikuwa akifunga mlango wa banda. "Bosi hakuwa na kosa," alisema. "Yeye alinusa mgeni. Na Pamba ni sungura. Mimi si sungura, dada."

Aliokota bakuli la maji akaenda bombani.

Meneja alikimbilia karakana. Baba alikuwa amefunga ubao mrefu kwenye jiriwa, kile kibanio cha meza, anauranda. Alimwacha alie mpaka kilio kikapungua.

"Nimefanya kila kitu, baba. Nimesema kwa kila mtu. Sungura wamepatana. Mbona bado?"

"Ulisema?" Baba aliisimamisha randa. "Kule kwa daktari hukusema wewe, mwanangu. Yalisema maranda. Wewe ulikamatwa. Ungesema siku ile mwenzio analaumiwa mbele yako, leo tungekuwa na habari nyingine."

Meneja alifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Sikiliza nikwambie," baba aliendelea, na sasa sauti ilikuwa laini. "Uongo unasemwa kwa pumzi moja. Kuaminiwa tena ni kazi ya kila siku, na anayeamua kwamba sasa imetosha si wewe uliyekosa. Ni yule uliyemkosea. Huenda akaamua mapema, huenda akachelewa. Wewe sema kweli na ufanye haki kwa sababu ni haki, si kwa sababu utasifiwa. Sifa ndizo zilizokuponza."

"Na asiponisamehe kabisa?"

Baba alifikiri. Hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto ili alale vizuri.

"Utakuwa mkweli ambaye hajasamehewa," alisema. "Wapo wengi. Wanaamka, wanafanya kazi zao, na wanasema kweli hivyohivyo."

Kisha akamwonyesha ncha ya pili ya ubao, akamwambia aishike vizuri, maana kazi ilikuwa haijakwisha.